Perege Wazazi

Jumatatu, 6 Novemba 1978
Nimewamwagia samaki pumba asubuhi, kama kawaida. Perege wa bwawa la kijiji wamejaa, wadogo kama kidole. Kila tukivua, wakubwa wanapewa wageni kwa heshima, wadogo wanarudishwa majini kuzaa. Tumejifugia vibete wenyewe, halafu tunamlaumu Mungu.

Kidimbwi changu cha pembeni ni habari nyingine. Humo nimetenga wakubwa tu, miaka minne nachagua. Leo dume mkubwa amechimba shimo lake chini, rangi imemkolea kama bwana harusi, anafukuza wenzake. Kupendana wanajua wenyewe. Mimi mshenga tu.

Alhamisi, 9 Novemba
Malori ya jeshi yanapita kwenda mpaka wa Uganda. Kijiji kinawachangia askari: ndizi, maharage, mbuzi. Mke wangu Kabula ametoa kuku wake anayetaga. Mimi nimetoa maneno.

Jumamosi, 11 Novemba
Mwenyekiti wa kijiji amekuja. Kijana wa juzi. "Shikamoo, mzee." Shikamoo yenye meno. Anataka perege wangu wabanikwe, wapewe askari. Nikamwambia achukue wa bwawa la kijiji, hata tenga zima.

"Mashujaa tuwapelekee vidagaa? Tutaonekana kijiji gani?"

Nikamweleza: hawa ni wazazi, ukiwala umekula na wajukuu wao. Akacheka.

"Wenzako wametoa wana, mzee. Wewe unaficha samaki?"

Nikachukua ndoo ya pumba, nikaenda kuwalisha.

Jumatatu, 13 Novemba
Vijana wa mwenyekiti wametoboa ukingo wa kidimbwi changu. Maji yanaisha, dume mkubwa amejibanza kwenye shimo lake, mjinga yule. Majike wengine walikuwa wamebeba mayai mdomoni, ndivyo wanavyolea. Wameyatema matopeni.

Nikaambiwa nibanike mimi, ati Msukuma kama mimi anajua samaki. Majirani wanaozibaga pua wakiona perege walikuja kushangilia. Nimebanika. Nawachukia wote. Moshi ulinukia vizuri, nikajichukia na mimi.

Jumatano, 15 Novemba
Lori halikusimama. Askari walitupungia mikono, vumbi, basi. Samaki wamerudishwa ofisi ya kijiji. Mwenyekiti hakunitazama usoni.

Ijumaa, 17 Novemba
Kamati ya kijiji imewala, kwa ndizi. Nimeletewa kichwa cha dume mkubwa, kwa heshima ya uzee wangu. Nimempa paka.

Jioni nikavuta wavu bwawani, nikitafuta hata jozi moja ya kuanzia. Hakuna. Wote vidole. Ningeweza kuchagua kidole kirefu kuliko vingine, nikasubiri tena miaka minne. Nani anayo miaka minne? Magoti yangu hayana hata masika mawili.

Jumapili, 26 Novemba
Mvua tangu alfajiri. Kidimbwi kimebaki tope jeusi, laini. Kabula amekuja na miche ya magimbi kichwani, akaingia topeni. Tumepanda mstari kwa mstari, yeye upande wake, mimi wangu. Tulipokutana katikati akaniambia ninawe miguu, chai iko tayari.