Vitabu Vinne vya Papa Safari

Papa Safari,

Ni mimi, Furaha, mwanafunzi wako wa picha. Nimekaa kwenye benchi ya studio. Mvua imefunga barabara ya Nyabiondo tangu asubuhi, na leo hakuna mteja atakayekuja. Ninakuandikia kwa Kiswahili cha shule, kama ulivyonizoeza kuandika nyuma ya picha. Miezi imepita tangu tukuzike na bado sijakueleza habari za vitabu vyako. Nilikuwa ninaogopa.

Ulipougua sukari mpaka miguu ikakataa kutembea, ulimwambia mke wako, Mama Neema, mbele yangu: "Apareyi ya foto ni ya Furaha. Na vitabu pia. Yeye anajua kuviangalia." Nilitazama chini. Sikujua kama ninajua.

Vilikuwa kumi na kimoja, vya picha na vya sanaa, na sidhani kama kuna mtu mwingine kutoka Kingi mpaka Kalembe aliyekuwa na hata kimoja. Kila uliposhuka Goma kutafuta karatasi za kuchapia picha, ulipita kwa yule muuzaji anayetandaza vitabu vikuukuu juu ya turubai. Siku uliyonichukua mara ya kwanza nilifikiri tutapita haraka. Tulichuchumaa pale mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Ulipitia kitabu ukurasa kwa ukurasa, bila kusoma hata neno, ukakifunga, ukaniuliza: "Ni foto gani imebakia mu macho yako?" Nikasema hakuna. Ukakirudisha. Ukachukua kingine. Mara hii nikasema ni ile ya mama anayefua nguo huku anachekeana na mtu ambaye hatumwoni. Ulicheka mpaka mabega yakatikisika. "Njo ile, ndiyo ile! Na mimi ni ile ile." Ukavua saa yako ya mkono, ukampa muuzaji, tukarudi nyumbani na kitabu. Mama Neema alikuuliza habari ya saa hiyo mwezi mzima.

Na kile kikubwa cha vita vya huku kwetu, unakikumbuka? Karatasi nzito, rangi nzuri sana. Mimi nilikitaka. Ulikipitia mpaka mwisho, ukarudi mwanzo, ukasoma yale maandishi madogo chini ya kila picha. "Ona, Furaha. Watu wote wanalia, na hakuna hata mumoja iko na jina. Huyu anajua kazi. Lakini hakuuliza muntu." Ukakiacha palepale kwenye turubai.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ya yule muzee wa upande wa Walikale, mwindaji, aliyekuja kupigwa picha ya kalati, ya kitambulisho. Ulikuwa umeacha wazi kitabu cha sanamu za mbao na za pembe, za watu wa msituni. Aliona ukurasa ule, akasimama. Akasema polepole: "Funga. Hii haiangaliwake na kila muntu." Hakueleza zaidi, na wewe hukumuuliza zaidi. Ulikifunga. Alipoondoka ulichukua sindano na uzi mweusi, ukazishona pamoja kurasa nne za pale, pembeni, polepole, kama unashona jeraha. Mimi nilikasirika. Nilikuambia: "Papa, si ni kitabu yako?" Ukajibu bila kuinua kichwa: "Kitabu ni yangu. Ile iko ndani ni yao."

Baadaye alikuja mgeni wa shirika moja, akaona uzi, akaomba tuukate kidogo tu aangalie. Ulimkaribisha chai. Ulimwonyesha vitabu vingine vyote, ulimsimulia, ulimchekesha. Uzi haukukatwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la maji, na nilijisikia fahari mpaka nikayamwaga.

Sasa nikuambie yale niliyoyaogopa.

Majuma machache baada ya mazishi, risasi zilianza kusikika upande wa mlimani. Mama Neema na wajukuu walitangulia. Mimi nilibaki kutafuta namna ya kumsafirisha mama yangu, maana unajua magoti yake. Nilipopata pikipiki, dereva alisema: "Mama yako, wewe, na kile unaweza kushika mu mikono. Basi." Nilikimbilia studio, apareyi tayari shingoni mwangu. Nilivitandaza vitabu vyote kumi na kimoja juu ya benchi. Nikafunga macho, Papa. Nikajiuliza lile swali lako. Nikachukua cha yule mama anayefua. Nikachukua kile chembamba cha michoro ya makaa. Nikachukua cha watu wa mji wa mbali waliovaa nguo zao za ibada na kupigwa picha katika studio ndogo kama yetu, yenye pazia kama letu. Na kile kilichoshonwa.

Kile cha michoro ya rangi, kikubwa, ulichokipenda kuliko vyote, nilikiacha. Kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia. Nilikiomba msamaha kwa sauti. Mama yangu alikuwa tayari juu ya pikipiki, akaniita kwa hasira.

Kule Kingi, tulikokimbilia, tulipokelewa katika nyumba ya shangazi yangu. Siku moja nilimkuta kijana wa pale, mtu mzima mwenye ndevu, amekishika kitabu chako na wembe, anataka kuukata uzi aone kilichofichwa. Nilimpokonya. Mimi, Papa, ambaye sijawahi kumpandishia mtu sauti! Nilimwambia maneno yako yaleyale, kitabu ni yangu, ile iko ndani ni yao, na kwa mara ya kwanza nikayaelewa nilipokuwa nikiyatamka. Alinitazama kama mtu aliyepotewa na akili. Lakini hakukigusa tena.

Tuliporudi Nyabiondo, mlango wa studio ulikuwa umevunjwa. Pazia hakuna. Vile vitabu saba, hakuna. Nilikaa chini kwenye udongo nikalia kama siku ya mazishi yako.

Siku tatu baadaye jirani yetu Mama Riziki aliniita jikoni kwake. Unamfahamu, yule wa muhogo, hajawahi kuketi kwenye dawati hata siku moja. Nilipoingia nikaona ukuta. Juu ya mafiga, pembeni, mpaka karibu na mlango, kurasa za kitabu chako kikubwa cha michoro ya rangi, zimebandikwa kwa uji wa muhogo. Nilifungua mdomo kumgombeza. Akaniwahi: "Nilizikuta mu matope, Furaha. Mvua ilikuwa inazimaliza. Zile zilikuwa nzima, nikabandika. Zingine nilizikataa."

"Ulizikataa kwa nini?"

"Hazikukuwa zinaniangalia."

Papa, nikausogelea ukuta. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa ameketi peke yake na lundo la kurasa zilizolowa, akachagua. Nilipita ukutani, moja baada ya nyingine, na karibu zote ni zile ambazo na mimi ningezichagua. Mbili tu hatukukubaliana. Tulibishana juu ya hizo mbili, yeye anakoroga maharagwe, mimi ninanyoosha kidole, mpaka maharagwe yakashika chungu na watoto wake wakaanza kutucheka. Jinsi ambavyo ungeupenda ule ubishi! Ungevuta kigoda ukae katikati yetu.

Sikuzibandua. Sitazibandua. Vitabu vinne viko hapa kwangu, vimefunikwa, na kurasa zile ziko kwake, na mtu akitaka kuona mkusanyo wa Papa Safari nitamtembeza nyumba mbili.

Pumzika, Papa. Umenifundisha kuangalia bila haraka, na sijui mtu mwingine aliyenipa kitu kikubwa hivyo. Ninakuahidi jambo moja. Jumapili, baada ya misa, nitampiga Mama Riziki picha mbele ya ukuta wake. Ameshasema atavaa kitenge cha bluu. Na amesema nisithubutu kumwambia azime moto kwanza, kwa sababu ile ni jiko yake na moshi pia ni wake.

Mwanafunzi wako,
Furaha