Dole Gumba la Saa Kumi na Mbili Jioni

Doha, Ijumaa, mwezi wa Agosti. Tarehe kamili siiandiki, na majina nimeyabadilisha.

Joto limechanganyika na unyevu, miwani inaingia ukungu kila nikitoka nje. Nimerudi kutoka kanisani Mesaimeer na sikusikia hata neno moja la mahubiri. Wenzangu wa chumba wametoka. Nina kama saa moja ya kuwa peke yangu hapa Al Mansoura.

Naogopa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninalolijua vizuri zaidi.

Mimi ni karani wa mahudhurio katika kampuni ya ujenzi. Kila alfajiri nasimama uani kambini na kidau cha wino, wafanyakazi wanapita mmoja mmoja wakiweka dole gumba. Kwenye karatasi kila mtu ana visanduku vinne vyenye saa zilizokwisha chapwa: kuingia, kutoka kwa mapumziko ya mchana, kurudi, kutoka jioni. Foleni zilikuwa ndefu, wasimamizi wakinifokea. Mwezi wa sita nikapata wazo kwamba waweke madole yote manne kwa mkupuo, alfajiri. Foleni zikaisha. Meneja akanisifu mbele ya ofisi nzima, nami nikampigia mama simu kumweleza.

Wazo lilikuwa langu.

Sheria ya hapa inakataza kazi za juani wakati wa kiangazi, kuanzia saa tano na nusu hadi saa tisa. Jumanne kulikuwa na zege la kumwaga, msimamizi hakuwaachia watu. Rashidi, dereva wetu kutoka Tanga, alikaa getini na basi akisubiri kuwarudisha kambini. Hakuitwa. Saa saba akaanguka Mnepali mmoja, baba wa watoto watatu. Rashidi akamkimbiza hospitali kwa basi lile lile. Alifia njiani.

Polisi walipouliza, Rashidi alisema alichokiona. Kampuni ikapeleka nakala ya karatasi yangu: dole la marehemu mwenyewe, ametoka kazini saa tano na nusu. Sasa anayeshikiliwa ni Rashidi, kwa kutoa ushahidi wa uongo.

Jana asubuhi alipiga simu ofisini.

"Bwana mdogo, huku kuna kiyoyozi, nalala kama sultani. Basi langu kapewa nani?"

"Yule Mghana."

"Lo! Gia zangu zimekwisha."

Alicheka. Mimi nikamuuliza, "Kaka, umelitaja jina langu?"

Ndilo swali nililomuuliza mtu aliye kizuizini. Sikumuuliza kama amekula.

Akajibu, "Sijalitaja. Mie nimewaeleza ya basi. Ya karatasi ni yako, utayasema mwenyewe ukitaka."

Kuna jambo Rashidi halijui. Nakala iliyokwenda polisi ni ya upande wa kushoto tu. Upande wa kulia wa karatasi halisi, dole lile lile linaonyesha kwamba marehemu alirudi kazini saa tisa, na akatoka saa kumi na mbili jioni.

Saa kumi na mbili jioni alikuwa chumba cha maiti.

Meneja ameliona hilo. Jana mchana aliniita, akaniagizia chai, akanipa barua ya kuthibitisha kwamba kila dole liliwekwa saa iliyoandikwa. Anaitaka Jumapili ikiwa na sahihi yangu. Karatasi halisi niipitishe kwenye mashine ya kukatia karatasi. Aliongea kwa upole, akasema mimi ni kama mwanawe, na khuruji yangu ya Desemba ataisaini mwenyewe. Bila kibali hicho siwezi kutoka nchi hii. Pasipoti yangu imo kabatini kwake.

Niliwasha mashine. Nikapitisha karatasi tatu tupu ili asikie mlio.

Ile halisi nimeivaa tangu jana, chini ya shati. Imelowa jasho. Nimeitandaza kitandani ikauke, na madole bado yanasomeka. Nimefikiria kuichoma mara nyingi kuliko nilivyofikiria kuipeleka. Chuoni Nairobi niliandika insha ndefu kuhusu utawala wa sheria, nikapata alama nzuri sana. Sikumbuki hata sentensi moja.

Leo nimeandika nusu ukurasa. Kwamba madole yote manne huwekwa alfajiri. Kwamba ninayeyapokea ni mimi. Kwamba utaratibu huo niliuanzisha mimi. Sentensi hii ya mwisho nimeifuta mara mbili, nikairudisha.

Kesho asubuhi nitakwenda kituo anakoshikiliwa Rashidi. Nitampa afisa barua yangu na karatasi, kisha nitakaa kwenye benchi nione watanifanya nini. Wataniita shahidi, au mwizi wa nyaraka za kampuni? Sijui. Sina wakili, na mama sijamwambia.

Nitayachapisha haya nikiwa mlangoni pa kituo, nisije nikageuka. Blogu hii ikikaa kimya, msidhani nimetoroka. Niliingia mwenyewe.