Siku Mama Alipoziba Pancha

Nyumbani,
Nyuma ya mashine ya kusaga,
Jumapili, 14 Aprili.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji, na huyo mjukuu wa Mama ambaye mpaka leo tunamjua kwa picha tu. Hali yako? Kile kifua ulichosema kinakubana wakati wa baridi kimetulia? Mama anasema uvae soksi. Nimemwambia wewe ni mtu mzima sasa, akanijibu kwamba mtu mzima naye ana miguu.

Sisi hatujambo. Mimi bado niko mashineni, nakohoa unga kama kawaida. Mama magoti yanamsumbua wakati wa kuinuka tu, akishainuka humkamati. Chumba chako kilivuja upande wa dirishani, nimeshakipiga bati. Kitanda chako kipo, hakuna anayekilalia ila paka.

Sasa nikupe habari iliyonifanya nishike kalamu. Mama na Mama Mdogo wameonana.

Najua umesoma mstari huo mara mbili. Unakumbuka walivyoachana tulipomzika Baba, kila mmoja na maneno yake moyoni, na tangu hapo hata salamu hawakutumiana. Basi wiki mbili zilizopita, asubuhi, binti yake Mama Mdogo alinipigia simu. Anamhamisha mama yake, anakwenda kuishi naye huko kwake mbali, na gari linakuja kumchukua alasiri ile ile. Nilimweleza Mama hivyo hivyo, sikuongeza neno. Alikuwa anachambua mchele. Akamaliza sinia lote, akalifunika, akaingia ndani, akatoka amejitanda mtandio wake mzuri. "Washa pikipiki," akasema.

Ni ile ile pikipiki ya Baba. Kiti nimekishona, lakini bado inakohoa kohoa kabla haijakubali. Mama alipanda nyuma akanishika kiuno kwa nguvu, kama alivyokuwa akimshika Baba, na mimi nikajikuta nimekaa wima, kifua mbele, kama yeye. Usinicheke.

Tulikuwa tumeshafika mbali, ng'ambo ya daraja la pili, pale pasipo duka wala kijiwe, nikahisi nyuma inayumba. Nikasimama. Msumari mrefu kama kidole, na tairi limelala chini kama ng'ombe mgonjwa.

Mama akaangalia tulikotoka, akaangalia tuendako. "Labda tunaambiwa turudi," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeomba ruhusa. Nikamwambia hata kurudi kunataka tairi.

Nikasukuma, naye akatembea ubavuni ameshika kiti. Jua lilituchoma sawasawa. Njia nzima nilikuwa nawaza zile Jumamosi zetu: Baba uani, fulana imeloa, beseni la maji, mimi na wewe tumeinama juu ya tyubu tukigombania nani ataona povu kwanza. Siku zote ulikuwa unaliona wewe. Mimi nikianza kulia, Baba ananiambia nifumbe macho, kisha ananishika kidole na kukiweka palepale penye tundu, nisikie pumzi inavyotoka. Harufu ya ile gundi hunirudisha utotoni mpaka leo. Wewe je, huko kwenu watu wanaziba pancha, au wanatupa tairi zima?

Tukafika kwenye nyumba moja, mama mwenye nyumba yuko barazani anachambua maharage. Alitukaribisha hata kabla hatujapiga hodi. Spana nilikuwa nayo, pampu ilikuwepo, viraka na gundi pia. Vyuma vya kubandulia tairi ndivyo nilivyovisahau mashineni. Nikamwomba vijiko viwili. "Virudi vimenyooka," akasema, akacheka.

Unanijua, Dada. Pancha zangu zote zinazibwa na fundi wa njia panda, mimi nimekaa kwenye benchi napiga soga. Lakini mbele ya mgeni nikajifanya mjuzi. Nikatoa tyubu, nikapata tundu, nikaziba, nikarudisha, nikapiga pampu mpaka jasho likanitiririka. Tairi likajaa, likasimama kidogo, kisha fyuuu. Nilikuwa nimeibana tyubu kwa kijiko na kuitoboa upya.

Mama, ambaye alikuwa amepewa maji ya kunywa, akaweka kikombe chini. "Baba yako mtupu," akasema. "Sogea."

Akavua bangili, akakunja mikono ya gauni, akapiga magoti, hayo hayo magoti yake. Akaomba sabuni, akaipaka ukingoni mwa tairi, vijiko vikateleza kama vinaingia kwenye uji. Akalipata tundu jipya, akalipaka gundi, akabandika kiraka. Mimi nimesimama nimeachama. Nikamuuliza kajifunzia wapi.

"Baba yenu hakuwa na subira na mpira," akasema. "Nyie mkishaona povu lenu mnakimbilia kucheza, na yeye akiziba hapa anatoboa pale. Mlidhani nani alikuwa anamalizia?"

Kisha, huku amekandamiza kiraka kwa kidole gumba, akasema polepole kwamba aliyemfundisha ni Mama Mdogo. Walikuwa na baiskeli moja wasichana wawili. Yeye mwendeshaji, mdogo wake fundi. "Nikikosea ananichapa vidole. Mimi mkubwa wake!" Akacheka. Gundi ilikuwa imeshashika zamani, lakini kidole hakukiondoa. "Tukimkuta ameshaondoka?" akaniuliza.

Kisha akaitia tyubu pumzi kidogo kwanza, isikunjike, ndipo akairudisha, nami nikamalizia kwa pampu. Niliendesha tu.

Tulikuta gari liko mlangoni, magodoro juu, Mama Mdogo ameshakaa ndani. Amekonda, Dada. Mama alikwenda mpaka dirishani, mikono myeusi ti, akasimama. Nadhani maneno yote aliyoyapanga yalimtoka.

"Pancha," akasema.

Mama Mdogo akamtazama mikono. "Mbele au nyuma?"

"Nyuma."

"Ulitia pumzi kidogo kwanza?"

"Nilitia."

Mama Mdogo akafungua mlango, akashuka. Akaagiza maji na sabuni, akamkalisha Mama kwenye kizingiti, akamwosha mikono kidole kimoja kimoja, machozi yakiwatoka wote wawili. Dereva akapiga honi. Binti yake akamwambia azime gari.

Sitakwambia waliyoongea kwa sababu sikuyasikia. Nilikwenda kukaa na dereva. Gari liliondoka jua linazama. Sasa kila asubuhi simu inalia kabla ya chai, na anayegombezwa ni mimi kwa kutojua kuziba pancha. Vijiko vilirudi vimepinda kama ndoano. Yule mama mwenye navyo alisema ataviacha hivyo hivyo awe anatukumbuka.

Wanakusalimu Mama, Mama Mdogo, jirani yetu fundi cherehani, na yule rafiki yako wa shule ambaye sasa ni mkunga. Msalimie shemeji, na umbusu mtoto mashavu yote mawili. Mungu awafunike, awape afya na riziki isiyo na vita.

Mama amenituma nikuandikie haya yote, ila nisimalize kwa kukuambia uje nyumbani, kwa sababu una kazi na una mtoto mdogo. Basi sikuambii.

Ni mimi nikupendaye sana,
mdogo wako,
Kitindamimba.