Posa na Kijiwe cha Yakuti

Temeke, Dar es Salaam

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Mguu wa mama umepoa? Huku mimi mzima, nala nashiba, na nina habari ya posa yangu.

Mwajuma, yule binti wa Mtoni, nilimwambia kwamba kazini nashika yakuti kila siku. Si uongo. Ndani ya saa nzuri mna vijiwe vya yakuti, na ncha za magurudumu yake huzungukia humo. Ila sikumwambia kuwa ni vidogo kuliko punje ya ulezi, wala kuwa Wazungu huviunda wenyewe kwa kuyeyusha unga wa madini motoni. Naye akampasha baba yake.

Jumatatu baba mtu, Mzee Saidi seremala, akaingia dukani kwa fundi wangu wa saa na kanzu ya Ijumaa, akaomba kuona hizo yakuti. Nikamwekea kijiwe kimoja juu ya karatasi. Akauliza kiko wapi. Nikampa lenzi. Akatazama weee, kisha akasema kwake vitu kama hivyo hutolewa jichoni kwa ncha ya leso.

Nikamweleza kuwa chuma huzunguka humo miaka na miaka na jiwe lisilike. Hakuamini. Akatoa patasi mfukoni, akakikwangua. Patasi ikapata pengo, jiwe likabaki vilevile. Akakikandamiza kwa hasira, kikaruka.

Dada, kijiwe kile kilikuwa cha saa ya bwana stesheni, na hatukuwa na kingine. Fundi akafunga mlango. Tukatambaa sakafuni sote watatu, Mzee Saidi na kanzu yake nyeupe, mpaka adhuhuri. Mwisho fundi akamkazia macho mzee, akamwambia taratibu, "Usipumue." Kilikuwa ndevuni. Nikakitoa kwa kibano.

Mzee akajipangusa. "Mali huna," akaniambia. "Lakini kazi unayo. Lete mshenga."

Jioni nikaenda kumwomba radhi Mwajuma. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akauliza kama kuna jingine nililomficha. Nikakiri kwamba baiskeli ninayojia ni ya fundi.

"Najua," akasema. "Jina lake limeandikwa kwenye madigadi."

Basi mwombe baba mdogo aje kuniposea. Nisalimie mama, shemeji fundi cherehani, na bibi wa vitumbua.

Ni mimi mdogo wako, mchumba wa watu,
Hamisi