Majina Tisa ya Wachanganya Rangi

Glenwood, Durban
14 Agosti 2011

Kwako yaya Colette, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu na za watoto. Sisi tuko wazima, ila baridi inatusumbua. Goti lako linaendeleaje? Na mama mkwe, amepata nafuu?

Uliniuliza habari za mzee Mjerumani ninayemtunza, Daktari Ekkehard. Si daktari wa wagonjwa. Ni mtaalamu wa kemia ya rangi za nguo. Kwao alivumbua bluu isiyochuja hata uifue miaka. Mwaka 1964 kiwanda kimoja cha hapa Durban kikamwita, akabaki humo mpaka akastaafu. Kile kitenge ulichonitumia alikipeleka dirishani, akanitajia kila rangi na ilivyopikwa.

Mwezi wa tano aliniomba nimwandikie barua, maana mikono yake inatetemeka. Alinieleza kwamba unga mmoja wa rangi waliokuwa wakiutumia huleta kansa ya kibofu, na kwamba yeye alilijua hilo tangu 1971. Wakubwa walimtaka anyamaze, wakampandisha cheo, akanyamaza. Akanitajia majina tisa ya wachanganya rangi wake, ili wakapimwe. Lakini alisema barua zitumwe akishazikwa.

Mwezi wa sita mmoja wao, Mzee Ngidi, akabisha hodi na binti yake. Alikuwa anakojoa damu mwaka wa pili, anameza vidonge tu. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama siku zile Daktari mwenyewe alivaa glavu. Daktari akakubali.

“Na sisi?”

“Ninyi hapana.”

Mzee Ngidi akamwomba amwandikie jina la ule unga, akawaonyeshe hospitalini. Daktari aliliandika kwa mkono wake, herufi moja moja, karibu nusu saa. Mwezi uliopita Mzee Ngidi alipasuliwa, anaendelea vizuri. Wanne kati ya wale tisa barua ziliwakuta wameshakufa.

Sasa yaya, jambo hili sijamwambia mtu. Daktari anaamini barua zilitumwa na binti yake Renate, wa Johannesburg, maana ndiye aliyepangiwa kuzituma baada ya mazishi. Daktari hapokei tena simu za binti huyo. Aliyezipeleka posta ni mimi, wiki ileile nilipoziandika. Niliona wale tisa nao ni wazee, hawawezi kungoja mazishi ya mtu. Hilo silijutii. Ninalojutia ni kumwacha Renate abebe lawama yangu miezi miwili.

Kesho nikishamwogesha nitamwambia. Akinifukuza, utasikia.

Wasalimie wote wa Uvira, na uniombee.

Mdogo wako,
Antoinette