Barua Niliyoisoma Bombani

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Kwa mama yangu mpenzi,

Foibe mdogo wangu, najua ni wewe uliyeishika karatasi hii. Kabla hujaanza kusoma kwa sauti, tazama kama yuko mtu mwingine nyumbani. Kama baba mkubwa amekuja kuzungumza, au kina mama wa jirani wamekaa jikoni, ikunje uiweke. Msomee mama mkiwa wawili tu, na mlango umefungwa. Sababu utaikuta mbele.

Shikamoo, mama. Natumaini maneno haya yanakukuta unatembea bila fimbo. Foibe aliniandikia kwamba goti lilivimba tena ulipokwenda kuzibua mfereji, nikashinda siku nzima sina raha. Tafadhali kazi ya mfereji waachie watu wa baba mkubwa. Mimi ni mzima. Ile homa ilikwisha, shangazi Damari alinifukiza kwa majani siku tatu mpaka nikaogopa moshi kuliko homa. Chakula tunapata, muhogo na ugali kwa dagaa, na wali siku za Jumapili. Ndizi za huku nilikwisha kukueleza, sitaki kuzisema tena.

Shule nimemaliza, mama. Juzi tulirudisha vitabu. Mwalimu wetu Bi. Kezia alivikagua ukurasa kwa ukurasa, na vyangu havikuwa na doa ila kimoja chenye alama ya tone la maji, naye akasema doa hilo analijua lilikotoka. Utalijua na wewe.

Sijasahau tulivyoagana. Siku ile Taveta, ulipokuwa unafunga sanduku langu kwa kamba ya mgomba, uliniambia, “Nenda usome, ukimaliza urudi.” Sasa nimemaliza, na badala ya kurudi nakuja na ombi. Nakusihi usikasirike kabla Foibe hajafika mwisho.

Kiko chuo cha walimu wa kike, nami nilikuwa nakitaka tangu mwaka wa kwanza, ila sikuthubutu kukuandikia. Bi. Kezia alijua. Alijua pia tatizo langu, ambalo wewe unalijua zaidi ya wote, kwamba nikisimama mbele ya watu sauti yangu hainitoki. Aliniambia wazi, “Naomi, hesabu unazijua, Kiingereza unajitahidi, lakini sauti yako haifiki hata dirishani. Bibi mkuu wa chuo akija kuwasikiliza, atamchukua msichana anayesikika.” Akanipa kanuni moja. Nikianza sentensi nisishushe sauti mpaka nifike kwenye nukta, hata nikiona haya namna gani. Kanuni hiyo ndiyo iliyonisaidia, na ndiyo iliyoniponza.

Hapa tunapokaa tumepanga chumba kimoja katika nyumba ya Mama Salima. Ni mtu wa hapa hapa pwani, mama wa makamo, na nyumba ni yake, aliachiwa na marehemu baba yake. Mume wake ni karani katika mashamba ya mkonge upande wa Tanga, naye hurudi mara moja kwa mwaka. Maji ya nyumba nzima tunateka kwenye bomba la mtaa. Linafunguliwa alfajiri, na watu hupanga madebe yao mstari kabla ya hapo. Kazi ya maji ni yangu. Mwanzoni debe langu likifika mbele jua limekwisha kutoka, kisha nishike njia ya Keko kwa mguu hadi shule, nifike lango limefungwa. Waliochelewa hufyeka majani kipindi kizima cha kwanza, na kipindi cha kwanza ni hesabu. Nilifyeka majani mengi, mama. Ningeweza kulisha ng’ombe wa baba mkubwa.

Siku moja mama mmoja mstarini aliniona na kitabu akanipa barua ya mwanawe nimsomee. Zamani walikuwa wakisomewa na Mwarabu mwenye duka, ambaye barua zao hufikia kwake, lakini yeye akimaliza kusoma huanza kutoa shauri, na shauri lake ni refu kuliko barua. Nikamsomea. Alipofurahi akalichukua debe langu akaliweka mbele ya lake. Tangu siku hiyo ukawa ndio utaratibu wetu. Nikisoma barua, debe linasogea. Waliniita Mbara, maana natoka bara. “Mbara, soma kwa nguvu, bomba linapiga kelele.” “Huyu Mbara anasoma kama mtu anayeiba kuku.” Walinitania hivyo kila asubuhi, nami nikakaza sauti kidogo kidogo, nikafuata kanuni ya Bi. Kezia, mpaka nikawa nasikika upande wa pili wa barabara. Nikaacha kufyeka majani. Shangazi hakuamini kwamba ni mimi.

Sasa Foibe, hapa ndipo nilipotaka mlango ufungwe. Mama Salima mwenyewe amenipa ruhusa. Alisema, “Mwambie mama yako, ni mwanamke mwenzangu na yuko mbali. Wengine hapana.”

Asubuhi moja alitoka kuchukua barua dukani akapita bombani. Dukani walimwambia ni ya mumewe, akafurahi, akanipa pale pale mbele ya watu, ili wasikie jinsi anavyokumbukwa. Nikaanza kusoma. Salamu zilikuwa nzuri, wenzake wakawa wanamtania, “Ehe, bwana karani.” Mama, siku ile nilikuwa naisikiliza sauti yangu tu. Nilikuwa napima kama inafika. Maneno yalipita mbele ya macho yakatoka mdomoni, na mimi sikuwa nayasikia. Nikasoma kwa sauti ile ile, bila kushuka mpaka nukta, kwamba ameoa mke mwingine huko aliko, na kwamba Mama Salima atoke katika chumba cha mbele ili bibi arusi akija apate pa kukaa.

Nilipofika kwenye nukta nikainua macho. Debe lililokuwa chini ya bomba lilijaa likamwagika, na hakuna aliyelisogeza. Maji yakarukia kitabu changu. Mama Salima akaichukua barua mkononi mwangu taratibu, akaikunja, akaondoka zake.

Mtu anayejua kusoma huangalia kwanza barua yote kwa macho, ndipo afungue mdomo. Hata yule Mwarabu hufanya hivyo. Mimi nilitaka kusikika, basi.

Siku zile zilikuwa mbaya. Bombani wakarudisha debe langu nyuma, si kwa ugomvi, kila mtu alikaa tu mahali pake. Nikarudi kufyeka majani, na bibi mkuu wa chuo alikuwa anatazamiwa baada ya majuma matatu. Shangazi aliniuliza kama ninajua kwamba tunalala katika nyumba ya huyo niliyemwaibisha. Akasema labda ni heri nipandishwe basi nirudi kwako kabla hatujatupiwa vyombo nje. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaogopa, nami nilikuwa naogopa, na nilianza kukunja nguo zangu.

Lakini nilikukumbuka, mama, jinsi ulivyonipeleka kwa bibi Marko nilipomvunjia mtungi, ukanisimamisha mlangoni kwake kila asubuhi mpaka aseme neno. Basi kila asubuhi kabla ya kwenda bombani nilichuchumaa mlangoni kwa Mama Salima nikasema shikamoo. Hakuitikia. Nilisikia anasogeza vyungu, kwa hiyo nilijua ananisikia. Siku ya pili hakuitikia. Ya tatu nilimwekea debe la maji. Hakuitikia, ila debe alilichukua. Ya sita nikasikia, “Marahaba. Ingia, ufunge mlango.”

Alikuwa amekaa na sinia la unga wa mchele mbele yake, maana hupika vitumbua vya kuuza. Barua ilikuwa chini ya mkeka. Akasema, “Nisomee tena. Siku ile baada ya neno lile sikusikia kitu.”

Nikamsomea, polepole, kwa sauti ile niliyozaliwa nayo. Nilipomaliza nikaanza kulia, nikamwomba radhi.

“Usilie, unga utaloa,” akasema. “Aliyeoa si wewe. Wewe mtoto wa bara unasoma kama unapiga mbiu, hilo ndilo kosa lako. Lakini mie nimepata habari za nyumba yangu siku moja na kila mwenye debe. Sitaki tena. Habari yangu nataka niwe wa kwanza kuijua.”

Nikamwambia nitakuwa namsomea ndani.

“Hata wewe sikutaki,” akasema. “Nifundishe.”

Hatukuwa na kibao wala chaki. Akalitikisa lile sinia mpaka unga ukalala sawa, akanishika kidole akakiweka juu yake. Nikaandika MAMA. Nikamweleza kwamba hii ni ma, na hii tena ni ma. Alitazama sana, akasema, “Neno zito kama hilo, kumbe ni kipande kimoja kimerudiwa?” Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Kila jioni kabla sijawasha moto nilikwenda kwake. Tukisikia hatua ukumbini alitikisa sinia, na anayeingia akaona unga tu. Mchana alikaanga masomo yetu akayauza.

Hakuniambia lolote la bombani. Ila asubuhi moja alikwenda mwenyewe, akalibeba debe langu kutoka mwisho wa mstari akaliweka mbele, akawaambia wenzake, “Huyu asichelewe shule. Ana kazi yangu.”

Siku chache kabla ya bibi mkuu kuja, Mama Salima alimwandikia mumewe jibu. Niliona karatasi kwa kuwa alitaka kujua kama herufi zimekaa sawa. Palikuwa na neno moja tu, HAPANA, limejaza ukurasa mzima, na herufi ya mwisho ilipanda juu kidogo. Nikamwuliza kama tuongeze salamu. Akasema neno limetosha. Chumba cha mbele analala mwenyewe mpaka leo.

Bibi mkuu wa chuo ni Mwingereza mrefu, mpole, anayezungumza Kiswahili polepole. Tulisimama mmoja mmoja mbele ya ubao tukafundisha somo fupi. Zamu yangu ilipofika sauti ilifika dirishani, nilimwona Bi. Kezia kule nyuma akiitikia kwa kichwa. Kisha bibi akaniuliza kama nimewahi kumfundisha mtu kweli. Nikamwambia ndiyo, mama mmoja, katika unga. Akaweka kalamu chini akataka kujua yote, namna tulivyoanza, na herufi gani zilimshinda. Halafu akauliza, “Na kwa nini mtu mzima huyu alitaka kusoma?”

Mama, hapo ningeweza kueleza habari yote, na ningesikika vizuri. Sauti ikashuka yenyewe. Nikasema, “Hiyo ni siri yake, bibi.” Nilidhani nimeharibu. Yeye hakuniambia niseme kwa nguvu. Aliandika kitu, akaniambia niketi.

Jibu limekuja. Wamenichukua. Masomo ni miaka miwili, nitalala chuoni, na likizo nitakuja Taveta kuzibua mfereji mwenyewe. Lakini hawanipokei bila idhini ya mzazi, na baba hayupo, kwa hiyo ni wewe. Karatasi yao nimeitia ndani ya bahasha hii. Najua nilikuahidi kurudi, najua goti, najua Foibe bado mdogo kwa kazi za shamba. Ukisema nirudi, nitafunga sanduku nirudi, wala sitanuna. Ukikubali, bibi amesema alama ya kidole gumba inatosha.

Nisalimie baba mkubwa, na mama mkubwa aliyenipa lile blanketi, na bibi Marko wa mtungi. Mwambie mwinjilisti kwamba kanisa la huku nimelipata na ninaimba, tena nasikika. Shangazi Damari anakusalimu, naye mumewe wa kazi za reli. Mama Salima anakusalimu sana, anasema umezaa mbiu.

Foibe, hapa acha kusoma. Mpe mama karatasi aishike mwenyewe. Mtandazie unga kwenye ungo, usimshike mkono ila akikuomba.

MAMA

Hili ni wewe. Ni kipande kimoja, kimerudiwa. Ukikubali niende, usiweke kidole. Andika hilo katika karatasi yao, hata herufi zikipanda juu. Hapatakuwa na mtu wa kunisomea. Nitaingia ndani, nitafunga mlango, nitalisoma kimya.

Mwanao akupendaye,
Naomi