Yule Niliyemtafuta Isangi

Kisangani, Kabondo

Mama yangu Sakina,

Nakusalimia kabla sijasema neno lingine. Magoti yanakuumaje siku hizi? Mafuta ya kuchua niliyokutumia yalifika kwako, ama yalibaki njiani? Huku mke wangu na watoto ni wazima, cherehani inatembea, mvua tu ndiyo imetuchosha.

Barua hii sikuipeleka posta. Siku hizi bahasha zinafika zikiwa zimegundishwa mara mbili. Nimempa rafiki yako muuza vitenge aifiche kati ya nguo zake. Zaituni akisha kukusomea, aitie motoni.

Unajua nilishona uniforme za wanafunzi wa Barumbu. Nilizipeleka mwenyewe kwa bato, ile meli kubwa inayoteremka kwenda Kinshasa ikisukuma matishari. Nilipakia na velo yangu, baiskeli ile ya kubebea mizigo. Nikavaa abakost yangu ya kijivu, ile suti ya watu wa serikali, na beji ya Parti, chama chao, kifuani, ili maaskari wa bandarini wasinisumbue. Kumbe nguo hiyo ndiyo ilinisumbua.

Tulipopita Yanonge, baba mmoja mnene, muuza chumvi, akaja kukaa karibu nami. Jina lake Bolaya. Akanipa kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki wa kukaushwa, kisha akaanza kuuliza. Natoka wapi? Nashuka wapi? Isangi namjua nani? Nikajiuliza ni nani anayemlipia huyu chakula anachogawa hivi. Nikamwambia Isangi simjui mtu.

Nilimficha, Mama. Kaka yangu mkubwa, yule aliyekuwa mwalimu, yule aliyekataa kuwachezesha watoto ngoma mbele ya wakubwa wa Parti akaondoka bila kukuaga, jina lake siliandiki hapa. Dereva mmoja alikuwa amenidokeza kwamba Isangi kuna fundi wa velo anayesema Kiswahili cha kwetu. Sikukuandikia mapema, nisikuchome moyo bure.

Tulipofika Isangi, pampu ya mashine ilikuwa imeharibika. Kapiteni akasema hatuondoki mpaka jioni. Nikateremsha velo.

Ni mji mdogo, pale Lomami inapoingia katika mto mkubwa. Unaumaliza kwa velo kabla shati halijalowa. Barabara moja nyekundu, michikichi, ofisi ya serikali ya zone na bendera yake, kanisa la wamisioni, nyavu zimeanikwa kati ya nyumba. Lakini kila nilipopita, mazungumzo yalikatika. Watu waliokuwa wakicheka walisimama wima na kuniita kiofisi, "Citoyen," macho yakiwa kwenye beji yangu. Sokoni nikamwuliza mama mmoja, muuza samaki, kama kuna fundi wa velo.

"Velo?" akasema. "Hapa watu wanatembea majini na pirogue."

Nyuma yake velo mbili zilikuwa zimeegemea ukuta.

Nilipogeuka nikamwona Bolaya, yuko kwenye velo ya kuazima, anapita kwa haraka bila kunitazama. Nikapita njia nyingine, nikamkuta tena, anaongea mlangoni kwa mtu kwa sauti ya chini. Mlango ule ulifungwa nilipokaribia. Nikasema moyoni, huyu amenitumia mimi kama mbwa wa kunusa.

Karibu na Lomami nikaona nyumba yenye tairi zimening'inia barazani. Mama mmoja alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Bwana yako iko wapi?" nikamwuliza.

"Sina bwana."

"Na hizi tairi?"

"Ni za zamani."

Chini palikuwa na beseni la maji, na mpira wa velo ulikuwa ndani yake, bado unatoa mapovu. Mtoto wa kike akachungulia, akanisogelea kushika kengele ya velo yangu. Yule mama akamwita kwa ukali, "Sakina, rudi hapa."

Mama, watu wa mto hawaiti watoto hivyo. Nilitaka kumwambia mimi ni nani, lakini Bolaya alikuwa amesimama njiani, mkono kwenye usukani, ananitazama. Nikasema, "Samahani, nimekosea nyumba." Nikaenda.

Jioni, Bolaya akaja kwenye bato kuteremsha magunia yake. Akanivuta kando.

"Citoyen, bon, nikuulize. Uko unatumikia nani?"

"Niko fundi wa nguo."

Akashika mkono wangu, akapapasa ncha za vidole vilivyochomwachomwa na sindano. Akakaa chini juu ya gunia.

"Nimeharibu," akasema. "Yule mama ni dada yangu. Nilifikiri umetumwa. Nilikimbia kuwaambia. Bwana yake ameshavuka Lomami." Kisha akasema polepole, "Wewe uko nani kwake?"

Nikashughulika na kamba ya velo. Hata neno lake kwamba yule mama ni dada yake lingeweza kuwa mtego. Alitazama masikio yangu, unayajua masikio yetu, akaondoka bila kuuliza tena. Bato ikapiga honi. Mpaka Barumbu sikupata usingizi.

Wakati wa kurudi, bato haikusimama sana Isangi. Nilibaki kwenye ukingo wa bato na singlendi tu, bila abakost wala beji. Pirogue, ile mitumbwi ya wauza samaki, zilikuja kujifunga ubavuni kama kawaida. Katika moja alisimama mwanaume mwenye kofia ya majani, amekonda, na mtoto yule mbele yake. Aliinua samaki mkubwa.

"Unanunua?" akauliza kwa Lingala.

"Bei gani?"

Watu walikuwa wengi pande zote. Akainama kama anayepunguza bei, akasema kwa lugha ya kwetu, "Mama iko?"

"Iko. Magoti yanamuuma, lakini iko."

Akaniwekea samaki mikononi. Pesa hakupokea. Akafungua kamba, mto ukawachukua, na mtoto akawa ananipungia mkono kwa sababu ya kengele.

Nisalimie Zaituni, msomaji wetu. Nisalimie shangazi wa kwa Lubao, na tonton, mjomba wetu mwenye mbuzi, lakini yeye usimwambie lolote, anapenda kukaa na watu wa ofisi. Mtu akikuuliza kama nimeona mtu huko chini, mwambie mwanao aliona maji tu. Ukibaki peke yako, ujue kwamba una mjukuu, na anaitwa kwa jina lako.

Mimi mwanao, fundi cherehani,
Saidi